Sifuri Ambayo Hukuipima

Uingereza, 4 Agosti 2009

Ndunge, sasa?

Najua utashangaa. Mwaka mzima kimya, halafu nakuja na barua pepe ya Kiswahili. Hapa maabara tunakaa watatu meza moja, na kila mmoja ana tabia ya kusoma skrini ya mwenzake, kwa hivyo lugha ya nyumbani imekuwa pazia langu. Usinicheke makosa. Kiswahili changu nilikiokota kwenye gereji ya marehemu babangu, unajua mwenyewe.

Nasikia huko mmeanza mgao wa stima, mara tatu kwa wiki mnakaa gizani. Poleni. Angalau mimi na wewe tulikuwa tunatengeneza kitu cha kuuhifadhi huo umeme. Siku moja watatukumbuka.

Nina swali dogo tu. Unakumbuka ile elektrodi ya Machi mwaka jana, namba kumi na saba? Yale masizi yetu ya kaboni yaliyopakwa polima ya kijani. Nataka kuirudia hapa, kwa raha zangu tu, niwaonyeshe wenzangu. Daftari la maabara ninalo na nimelifuata mstari kwa mstari, lakini huenda kuna kitu kidogo nilisahau kuandika. Ulikoroga kwa muda gani hasa? Asidi uliichuja? Chochote unachokumbuka niandikie.

Salimia watu wote. Ile birika ya maabara bado inavuja?

Nayan


Nairobi, 9 Agosti 2009

Nayan,

Birika bado inavuja. Mimi ndiye ninayepanguza.

Barua yako nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali ulipoandika samahani. Sikupaona. Labda unadhani sijui. Ninajua. Dkt. Kinyanjui alibandika makala yenu kwenye ubao wa idara tarehe kumi na tatu Julai, kwa pini nne, kama mtu anayebandika picha ya harusi. Nilisimama pale na karai la vyombo vichafu mkononi nikasoma kurasa zote sita. Picha ya elektrodi namba kumi na saba iko ukurasa wa tatu. Ni mimi niliyeishika ilipopigwa, hata ukucha wangu unaonekana pembeni. Juu kuna majina mawili, lako na la Daktari. Nikashuka mpaka mwisho kabisa, kwenye shukrani, nikakuta mmewashukuru "wafanyakazi wa maabara". Wafanyakazi wangapi, Nayan? Pale niko mimi na paka wa chini ya ngazi.

Ngoja nikukumbushe, maana umesahau mengi. Polima ile peke yake hushika chaji nyingi, lakini kila ukiijaza inavimba, ukiitoa chaji inanywea, mwishowe inapasuka kama udongo wa kiangazi. Masizi yetu, zile nyuzi za kaboni zisizoonekana kwa jicho, huvumilia sana lakini hayabebi mengi. Kazi ilikuwa kuvioanisha viwili hivyo. Tulijaribu mara kumi na sita, na elektrodi zote kumi na sita zilikufa kabla hazijajazwa na kutolewa chaji mara mia tatu. Ya kumi na saba ilifika mara elfu moja ikiwa bado na asilimia tisini na moja ya nguvu zake. Siku hiyo hukuwepo. Ulikuwa ubalozini ukitafuta viza. Niliitengeneza peke yangu, na uliporudi saa kumi nilikuwa nimeshaosha vyombo.

Sasa sikiliza kwa nini nina hasira. Mimi nina diploma tu. Mwaka huu nimeomba ufadhili wa kusoma shahada, na wanataka mwombaji awe na kazi moja iliyochapishwa yenye jina lake kabla ya tarehe thelathini Novemba. Nina miaka thelathini na mbili. Nafasi hii haitarudi kunibembeleza. Kazi ninayo, imechapishwa, iko ubaoni. Jina ndilo sina.

Usione vyaelea, vimeundwa. Na aliyeunda hakuulizwa.

Ndunge,
mfanyakazi wa maabara


Uingereza, 12 Agosti 2009

Ndunge,

Aki umenichoma. Naapa kwa mamangu, nilipotuma ile makala kwa Daktari jina lako lilikuwepo. Yeye ndiye aliyelitoa. Unamjua alivyo, kwake fundi ni fundi na msomi ni msomi. Mimi nilishtuka kama wewe, lakini huku mbali ningefanya nini, na tayari ilikuwa imechapwa? Niachie mimi. Nitaongea naye taratibu. Wewe usimwendee, utaharibu.

Sasa tafadhali, kuhusu kukoroga. Saa ngapi?

Nayan


Nairobi, 30 Agosti 2009

Nayan,

Nimemwendea.

Daktari yuko likizo, kwa hivyo nilimfuata nyumbani kwake Kitisuru jana. Askari wa lango aliniuliza kama nimekuja kwa ile kazi ya kufua. Nikamwambia nimekuja kwa kazi ya kemia, akacheka, akanifungulia.

Daktari alinikaribisha barazani, akaagiza chai. Hakujifanya malaika. Alisema wazi kwamba kwa desturi mafundi huandikwa kwenye shukrani, na kwamba yeye hajawahi kuona ubaya wake. Lakini nilipomwambia amelifuta jina langu, alikasirika. Akaingia ndani, akarudi na kompyuta yake, akanifungulia rasimu ya kwanza uliyomtumia tarehe mbili Februari. Majina yalikuwa mawili. Lako na lake. Halikuwepo la tatu la kufutwa.

Nikamuuliza kwa nini hakuliongeza yeye, na anajua nani hushinda pale maabara. Akaniambia, "Ndunge, mimi huamini daftari. Mwanafunzi ndiye anayeandika nani alifanya nini."

Na daftari liliandikwa na nani? Na wewe, kwa kalamu yako ya wino wa zambarau. Kurasa themanini, na mimi simo hata mara moja. "Mchanganyiko ulikorogwa." "Elektrodi ilikaushwa." Vilijikoroga na kujikausha.

Umeapa kwa mama yako, Nayan. Njia ya mwongo ni fupi, nilikuwa najua. Nilichokuwa sijui ni kwamba yako inaishia Kitisuru, safari ya matatu mbili tu.

Ndunge


Uingereza, 19 Septemba 2009

Ndunge,

Sawa. Ni mimi. Sikuliandika jina lako. Sikulifuta, sikuliandika tu, na kama unaona hiyo ni tofauti ya kitoto basi ona hivyo. Nilitakiwa kuonyesha makala ili nipate ufadhili wa mwaka wa pili. Majina mawili, mwanafunzi na msimamizi wake, hakuna anayeuliza kitu. Ukiweka la tatu, la fundi, wanaanza kuuliza kazi ilikuwa ya nani.

Lakini usiniite mwizi. Wazo la kuvioanisha lilikuwa langu. Yale masizi yalifika Nairobi kwa sababu mimi niliandika barua kumi na moja kuyaomba. Nilisoma makala mia mbili wewe ukikoroga, na ulikuwa unalipwa mshahara kukoroga.

Na sasa nikuambie ukweli wote, kwa sababu uongo umenishinda kuubeba. Sirudii kwa raha zangu. Nimerudia mara tisa na zote tisa zimekufa kabla ya mia tatu, sawa na zile zetu za kwanza. Profesa wangu wa hapa aliniuliza mbele ya watu kama zile namba nilizipika. Tarehe 27 Novemba nitakaa mbele ya kamati ya chuo. Nikishindwa kuwaonyesha elektrodi inayoishi, makala itafutwa na nitarudishwa nyumbani nikiitwa mtu wa kubuni namba. Sikubuni. Duniani kote mtu wa kuthibitisha hivyo ni wewe peke yako.

Kuna kitu ulifanya siku ile. Niambie ni nini.

Nayan


Nairobi, 21 Septemba 2009

Nayan,

Kumbe ni kukoroga tu. Mtu yeyote aliyelipwa mshahara anaweza. Basi koroga.

Ninajua kwa nini zinakufa. Nilijua tangu siku ile niliposimama ubaoni, nilipofika ukurasa wa pili wa makala yenu. Kuna kosa pale, ni lako, na liko wazi kama mchana. Sitakuambia. Waandikie wahariri wa hilo jarida, waambie nani aliitengeneza namba kumi na saba, waliweke jina langu, kisha unitumie nakala ya majibu yao. Asante ya punda ni mateke, nami mateke yamenitosha.

Jina kwanza.

Ndunge


Uingereza, 3 Oktoba 2009

Ndunge,

Fikiria kidogo. Nikibadilisha majina sasa, wakati tayari wananishuku, watasema nimekiri kosa. Watanimaliza kabla ya kamati. Na makala ikifutwa, jina lako litakaa wapi? Tutazama wote wawili.

Nisaidie kwanza. Kamati ikishapita, siku hiyohiyo nitawaandikia. Neno langu.

Nayan


Uingereza, 12 Oktoba 2009

Ndunge, jibu tafadhali. Hata tusi.

N.


Parklands, 18 Oktoba 2009

Ndunge, mtoto yangu,

Mimi ni Hiral, mama ya Nayan. Jana ilikuwa Diwali yetu, kwa hivyo nimetuma dereva akuletee boksi ya mithai, hizi tamutamu zetu za sikukuu, pamoja na hii barua. Kuongea Kiswahili najua, nimezaliwa hapa Nairobi. Kuandika ndio shida kidogo, utanisamehe.

Sisi hatujawahi kukutana, lakini Nayan alikuwa anataja jina yako akirudi kutoka kazi. Juzi amelia kwa simu. Tangu tuchome mwili ya babake kwa mazishi sijamsikia akilia. Anasema kuna kitu moja tu anatafuta, wewe unaijua, na umekataa kumwambia kwa sababu ya hasira. Hasira ya nini, hakuniambia. Nikiuliza anasema ni mambo ya ofisi.

Mimi kemia sijui. Nimekaa jikoni miaka thelathini. Lakini mtoto wangu namjua, hawezi kulia kwa mambo ya ofisi. Kama amekukosea, mimi mama yake naomba msamaha. Mwambie hiyo kitu, tafadhali. Mungu atakulipa.

Hiral


Mutuini, 21 Oktoba 2009

Mama Nayan,

Nakusalimu kwa heshima. Asante kwa mithai. Nimekula mbili, nyingine nimewagawia wapangaji wenzangu hapa Mutuini haraka haraka, kabla hasira haijanishika nikairudisha boksi.

Unasema hatujawahi kukutana. Tumekutana, Mama. Ilikuwa Jumapili, mwezi wa tatu mwaka jana. Nayan alikuwa amepata barua ya kukubaliwa Uingereza, mkafanya karamu, naye akanialika. Nilikuja na gauni langu la kanisani na kadi ya pongezi. Alinifungulia mlango akasema, "Mummy, huyu ni Ndunge wa kazini," halafu akaitwa sebuleni na wajomba zake. Wewe ukanitazama ukashukuru Mungu, kwa sababu msichana wako wa kazi alikuwa ameenda kwao. Ukanipa aproni. Nilisimama nikingoja Nayan arudi aseme mimi ni nani. Hakurudi. Nikaivaa. Mpaka leo ninajiuliza kwa nini niliivaa.

Ulikuwa unatengeneza aiskrimu ya matomoko kwenye ile ndoo ya mbao yenye mkono wa kuzungusha. Nilizungusha saa nzima. Ulinifundisha kwa upole, hilo sitalificha. Barafu ilipoanza kuyeyuka ulichota chumvi ya mawe, ngumi mbili, ukaimwaga kwenye barafu kuzunguka mkebe wa maziwa ulio katikati. Ukaniambia, "Barafu peke yake ni baridi ya maji tu. Baridi ya kweli inataka chumvi." Mkebe ukafanya utando mweupe na kidole changu kikagandia pale, ukanicheka, nami nikacheka. Nayan alikuja mlangoni mara moja kuuliza kama iko tayari. Ndani ya ndoo hakuangalia.

Kesho yake friji ya maabara ilikuwa imekufa tena. Nikaenda City Market kununua barafu kwa wauza samaki, na nikapitia duka la jumla nikachukua chumvi ya mawe. Nilirudi na ndoo kichwani, nikipita Koinange Street maji yakinidondokea mgongoni. Sasa, Mama, nitakueleza kemia yote inayohitajika. Polima ile ikiumbika hupata joto yenyewe. Ikipata joto hukua kwa pupa, mabonge mabonge, na zile nyuzi za kaboni zinabaki nusu uchi. Tulikuwa tukiiweka kwenye barafu tupu, haikutosha. Siku hiyo nilitia chumvi kama nilivyokuona ukifanya. Kipimajoto kilishuka chini ya sifuri, hasi saba. Badala ya saa moja na nusu ikachukua saa tano, lakini ilijipaka taratibu na sawasawa, kama samli juu ya chapati. Hiyo ndiyo elektrodi iliyompa Nayan sifa.

Aliporudi saa kumi alifungua daftari lake, na mahali pa joto la barafu akaandika sifuri. Hakuniuliza. Vitabu vyote vinasema sifuri, naye akaandika sifuri ambayo hakuipima. Sasa anaifuata hiyo sifuri yake kila siku na inamuua.

Makala ilitoka bila jina langu. Nilipouliza, aliniambia ni Daktari aliyelifuta, akaapa kwa mama yake, yaani wewe. Ilikuwa uongo, baadaye alikiri. Jina hilo ndilo linaloweza kunipeleka chuoni, na muda unakwisha mwezi ujao. Nimemwekea sharti moja, wahariri waliweke, na sharti hilo sitaliondoa.

Lakini usiku wa jana nimewaza kitu ambacho hakinipi raha. Ile chumvi si yangu. Niliichukua jikoni kwako na sikumwambia mtu yeyote nimeitoa wapi. Kwa hilo nakuomba radhi. Kwa kuwa ni yako, mpe mwanao ukitaka. Siwezi kusimama kati ya mama na mtoto wake.

Ndunge Musyoka


Nairobi, 21 Oktoba 2009

Nayan,

Unachokitafuta kiko jikoni kwenu. Muulize mama yako.

Ndunge


Parklands, 1 Novemba 2009

Ndunge, mtoto yangu,

Barua yako nimesoma, nikaificha chini ya unga, nikaitoa nikasoma tena. Hiyo Jumapili naikumbuka. Nakumbuka mikono yako, vile ilikuwa na nguvu. Uso sikumbuki. Nimejaribu siku kumi na uso haiji. Hiyo ni aibu yangu, sio ya Nayan, na sitaki kumbebesha.

Nayan alipiga simu Jumanne. Akaniuliza, "Mummy, jikoni kwetu kuna nini?" Miaka ishirini na saba hajawahi kuniuliza hiyo swali. Anakula tu. Mimi nikamuuliza, yule msichana ulimleta siku ya karamu alikuwa nani?

Akasema, "Ni fundi tu wa maabara."

Nikamwambia basi muulize fundi tu. Nikakata simu. Ndunge, mimi sijawahi kumkatia simu huyo kijana. Kwa hasira nikamwaga chai kwa meza yote.

Alipiga tena mara nne. Nikamwachia Kajal, dada yake, ashike. Mara ya tano nikachukua. Nikamwambia najua kitu yenye anatafuta, niko nayo, iko kwa mkebe juu ya rafu hata sasa hivi naiangalia. Nikamwambia ataipata siku Kajal atanisomea barua ya hao wahariri na jina yako iko ndani. Akasema kamati iko karibu. Nikamwambia basi akimbie. Akasema, "Mummy, unaniua."

Nikamwambia hapana, nakulea. Nilifikiri nimemaliza.

Ile ya kuapa kwa jina yangu nimeinyamazia. Hiyo nataka nimwambie akiwa mbele ya macho yangu.

Hiral


Uingereza, 9 Novemba 2009

Ndunge,

Nimewaandikia. Nakala iko chini ya barua hii, na majibu yao ya leo pia. Marekebisho yatachapishwa kwenye toleo lijalo, na wametoa barua rasmi unayoweza kuitumia kuanzia sasa. Jina lako ni la kwanza. Niliposoma rasimu kwa simu nilikuwa nimeliweka la pili, na Mummy akaniuliza namba kumi na saba nilitengeneza sehemu gani. Nikalipandisha juu.

Nilirudi ukurasa wa pili kama ulivyosema, na nimewaambia pia kwamba joto la barafu sikulipima, niliandika tu. Profesa wangu ameisoma yote. Hakunipa pole, hakunifukuza. Alisema nitasimama mbele ya kamati kama kawaida, na kwamba swali la kwanza litakuwa juu ya daftari.

Mummy amenipa neno moja tu, chumvi. Nimekaa kwenye kiti kama mtu aliyepigwa kofi. Ile ndoo nimeiona tangu nikiwa mtoto. Nikamuuliza kiasi gani, akasema kwake ni ngumi mbili, vipimo vya maabara ni vyako.

Kuna jambo lingine na sijui kama ni vizuri kulisema. Siku ile nilipokuja mlangoni kuuliza aiskrimu, nilikuona umevaa aproni. Niliona, Ndunge. Nilifungua mdomo, kisha nikasikia mjomba Navin anacheka nyuma yangu, nikaona haya kueleza, nikaufunga. Nikajiambia nitakueleza Jumatatu. Jumatatu nikaenda ubalozini.

Nisamehe.

Nayan


Nairobi, 11 Novemba 2009

Nayan,

Barua ya wahariri imefika. Niliichapa jana cyber ya pale Moi Avenue, nikaipeleka kwa mkono ofisi ya ufadhili, na nikasimama dirishani mpaka karani akaipiga mhuri nikiona. Wataniita kwa mahojiano mwezi ujao. Hilo hukunipa wewe. Lilikuwa langu, umelirudisha tu.

Vipimo ni hivi. Chumvi sehemu moja kwa barafu sehemu nane, kwa mizani. Chukua ya mawe, usichukue ya mezani. Asidi iwe kali mara mbili ya ile uliyoandika, la sivyo itaganda kabla hujaanza. Ile dawa ya kuanzisha polima itie tone moja moja, na usitoke kwenda kunywa chai, kwa sababu ni saa tano na hakuna mtu wa kukushikia. Kipimajoto kiwe ndani ya barafu muda wote. Kitazame kwa macho yako mwenyewe na uandike nambari unayoiona, hata kama hakuna kitabu duniani kinachoitaja.

Nimetengeneza nyingine wiki mbili zilizopita. Naipima kati ya mgao na mgao, stima ikipotea nangoja, ikirudi naendelea, na jana imefika mara mia nane bila kutetereka. Nimewatumia kamati yako kipande kwa posta, pamoja na nakala ya daftari langu. Ndiyo, nina daftari siku hizi. Lina jina langu kwenye jalada. Usidhani nimefanya hivyo kukuokoa. Kazi ile haikuwa ya uongo, na sitakubali iitwe ya uongo kwa sababu ya uvivu wako.

Sasa hiyo aproni. Miezi ishirini nimekuwa nikijiambia kwamba hukuona. Nilikuwa nimekutengenezea kisingizio hicho mwenyewe, nikakitunza, kwa sababu bila hicho nisingeweza kufanya kazi meza moja na wewe mpaka ulipoondoka. Umekivunja kwa barua moja kisha unaniomba msamaha palepale. Sijakusamehe. Labda siku moja, labda hapana, na usiniandikie kuniuliza ni lini.

Mama yako amenialika Jumapili hii. Kutakuwa na wajomba, na kutakuwa na aiskrimu ya matomoko. Nilimjibu kwamba nitakuja, na kwamba nitakaa sebuleni. Alinipigia simu palepale kuniambia kiti ameshanichagulia, na kwamba aproni ameifua, ameipiga pasi na kuitundika mlangoni. Inakungoja wewe ukija likizo Desemba.

Ndunge Musyoka